Maswali manne kabla ya kufungua intaneti

 

Siku moja baada ya Swala ya Isha, kijana wangu aliye kidato cha pili aliniletea daftari lake nilitie saini. Ilikuwa insha ya Historia kuhusu Vita vya Majimaji, kurasa tatu za Kiingereza kilichonyooka, bila kosa hata la herufi. Nikafurahi kama anavyofurahi mzazi yeyote. Kisha nikaweka kidole juu ya neno moja katika aya ya pili, nikamuuliza maana yake. Akanyamaza. Nikamuuliza neno la pili. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini: "Baba, nimeinakili kutoka kwenye simu."

Hasira zikanipanda, lakini mama yake akaniwahi kwa swali: "Na hiyo simu alipewa na nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilimpa mimi. Mwezi wa Shaabani nilinunua nyingine, ile ya zamani nikamkabidhi, nikamwambia imsaidie katika masomo. Namna ya kusaidiwa sikumwonyesha. Lau ningempa panga la shamba, ningemwelekeza kwanza jinsi ya kulishika.

Wazazi wenzangu, tumezoea kuuliza kama intaneti inajenga au inabomoa masomo ya watoto wetu. Nadhani yafaa kwanza tutazame jinsi chombo hiki kilivyoingia katika elimu, kwani wale waliotangulia kukitumia walikuwa na adabu fulani ambayo sisi tumeiacha njiani.

Barua pepe ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1971 mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, alifanikiwa kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, na ndiye aliyechagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la kompyuta yake. Kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa mikononi mwa watafiti na wanavyuo. Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa miongoni mwa vilivyoanza kupelekeana barua kwa njia hiyo kupitia mradi ulioitwa ESANET.

Namna yenyewe ilikuwa ya subira. Kompyuta haikuunganishwa na mtandao mchana kutwa kama simu zetu za leo. Barua ziliandikwa, zikakusanywa, kisha kwa saa maalumu modemu ikapiga simu ya kawaida hadi kompyuta nyingine, ikakabidhi mzigo wake na kupokea wa upande wa pili. Kila dakika ya simu ilikuwa na gharama. Mtu hakuthubutu kukaa mbele ya kioo akitafakari aandike nini. Alikuwa ameshatafakari kabla.

Shule nazo zikaingia. Mwaka 1988, Marekani na Umoja wa Kisovieti wakiwa bado mahasimu, ulianzishwa mradi uliounganisha shule 12 za jimbo la New York na shule 12 za Moscow, wanafunzi wafanye kazi za masomo kwa pamoja. Kutokana na mradi huo ukazaliwa mtandao wa shule uitwao iEARN, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi.

Mwaka 1990, huko Norway, Odd de Presno akaanzisha mradi wa watoto wa miaka 10 hadi 15, uliokuja kujulikana kwa jina la Kidlink. Sharti la kujiunga ndilo lililonivutia zaidi. Mtoto hakuruhusiwa kuanza mazungumzo na wenzake wa ng'ambo mpaka ajibu maswali manne: yeye ni nani, anataka kuwa nani atakapokuwa mkubwa, angependa dunia iwe bora kwa namna gani, na afanye nini sasa ili hayo yatimie. Hakuna hata moja kati ya maswali hayo ambalo jibu lake lingeweza kunakiliwa popote. Mlango wa mtandao ulifunguliwa kwa ufunguo ambao mtoto alipaswa kuuchonga mwenyewe.

Nami nilionja kidogo adabu hiyo nilipokuwa mwanachuo wa ualimu. Tulikwenda intaneti kafe wawili wawili, tukichangiana fedha ya muda. Barua tuliiandika kwanza bwenini kwa kalamu, mwenzangu akaisoma, akakwaruza palipokuwa na kosa, nikaiandika upya. Ndipo tukaenda kuichapa. Tulikuwa tukimwandikia mwalimu wa jiografia wa nchi ya mbali, ambaye hakutujua kwa sura wala kwa kabila. Alipotuandikia kwamba hakuelewa aya yetu ya tatu, tuliona haya, tukajifunza kuandika aya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, barua pepe haikuwafundisha wanafunzi wale kwa wingi wa habari, kwani habari zilikuwa chache. Iliwapa mtu wa kumwandikia, naye alikuwa akiwasubiri. Iliwapa pia muda wa kufikiri kati ya swali na jibu. Na mara nyingi mwalimu alikuwa amekaa pembeni, akijua mwanafunzi anamwandikia nani na kuhusu nini.

Sisemi haya ili kuisifu shida. Gharama ile iliwafungia nje maelfu ya watoto, na ni neema kubwa kwamba leo mtoto wa kijijini aweza kusoma kitabu ambacho zamani kilikuwa katika maktaba za vyuo tu. Wala simuungi mkono mzazi anayedhani kwamba dawa ni kuivunja simu. Niliwajua wazazi waliowakataza watoto wao kabisa wasikanyage intaneti kafe. Wengi wa watoto hao waliingia kwa siri, wakiongozwa na wenzao wa mtaani, bila mtu mzima wa kuwauliza chochote. Kukataza peke yake hakukuwa malezi, na kukabidhi peke yake, kama nilivyofanya mimi, hakukuwa malezi pia.

Tuliloamua nyumbani ni kurudisha ule mlango. Tumeweka maswali manne yetu wenyewe, na kijana huyajibu kwa kalamu, katika daftari la kawaida, kabla ya kuiwasha simu kwa kazi ya shule.

La kwanza: unatafuta nini? Aandike swali lake kwa sentensi kamili. Asiyejua swali lake hupokea jibu lolote analokutana nalo.

La pili: tayari unajua nini? Hata mistari mitatu. Hapo huona mwenyewe mwanya ulipo.

La tatu: nani kasema, naye kapokea kwa nani? Hapa Waislamu hatuna haja ya kuazima somo. Wanazuoni wetu wa Hadithi walikataa kuipokea habari mpaka waujue mnyororo wa walioipokeza, mtu kwa mtu. Imepokewa kwamba swahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima ili aisikie Hadithi moja tu kutoka kwa Abdullah bin Unays (R.A.). Nayo Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuihakikishe habari tuletewayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mtoto aliyelelewa katika umma wa namna hiyo hapaswi kuandika "nimeona kwenye mtandao" akadhani ametaja chanzo.

La nne: utamweleza nani? Hili ndilo linalorudisha yule msomaji wa upande wa pili. Kila kazi lazima iwe na mtu atakayeelezwa kwa maneno ya mtoto mwenyewe: mama, bibi, jirani, au ndugu aliye mbali.

Kwa insha ile ya Majimaji, kijana alimchagua ami yake, anayefundisha sekondari huko Songea. Alimwandikia barua pepe ya aya mbili. Nilimwona akiifuta na kuiandika tena mara tatu. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Ami yake alimweleza kwamba vita vile, vilivyoanza mwaka 1905, viliwaunganisha watu wa makabila mengi ya kusini, na kwamba wengi waliangamia kwa njaa kuliko kwa risasi, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula. Kisha akamuuliza: "Katika ile insha yako ya kwanza, njaa uliitaja wapi?" Kijana akafungua daftari kutazama. Ilikuwa imetajwa, ukurasa wa pili. Alikuwa ameiandika kwa mkono wake bila kujua kwamba ameiandika.

Insha mpya ina ukurasa mmoja na nusu. Ina makosa saba ya Kiingereza, nimeyahesabu. Aliipeleka kwa mwalimu wake pamoja na ile ya zamani, akamweleza ukweli, naye akakatwa alama kwa kuchelewa. Aliporudi alinisalimu, akaniwekea daftari mezani bila kuinamisha kichwa. Nikalitia saini.

Tunamuomba Allah (S.W.) awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi kuwa wa kwanza kuulizwa nao. Wabillahi tawfiq.