Mlima Marsabit: Msitu ukiisha, maji yatatoka wapi?

Ukitoka Maikona kwenda Marsabit mjini, unaacha jangwa la Chalbi, chumvi na upepo wa moto, na kabla siku haijaisha unatafuta sweta. Tofauti hiyo inaletwa na nini?

Mlima wetu una urefu wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi huvuka nyanda kavu ukiangusha mvua kidogo tu. Ukifika mlimani hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu. Hapo ndipo mti unapofanya kazi: majani na matawi hunasa ukungu, matone hudondoka na kuzama ardhini. Pasipo na mti, ukungu hupita tu. Kwa hiyo anayesema mawingu yatakuja hata tukikata miti amesema nusu ya ukweli. Mawingu yatakuja, ila maji hayatabaki.

Kulal na Nyiro ni hivyo hivyo: visiwa vya kijani katikati ya ukame. Kulal ina ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, asiyepatikana kwingine duniani. Msitu wake ukiisha, hana pa kuhamia, kwa kuwa pande zote ni jangwa.

Mfugaji naye yuko vivyo hivyo. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu. Nyasi za chini zinapokwisha, kimbilio la mifugo ni mlimani. Na mama anayebeba kuni mgongoni hafanyi hivyo kwa kupenda; jioni watoto wanasubiri chakula. Kuwafukuza wote bila kuwapa njia nyingine ni kuhamisha shida kutoka msituni hadi jikoni.

Sisi tunaona jibu tunalo nyumbani. Visimani, Waborana wana aba herega, mzee anayepanga zamu ya kunywesha, na hakuna anayeruka zamu. Msitu nao ni kisima. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuunda chama na kukubaliana na KFS jinsi ya kuutunza na kuutumia. Kazi iliyobaki ni wafugaji, wauza kuni na wakazi wa mjini kukaa baraza moja na kupanga zamu: nani anaingia, wapi, na lini.

Mpange sasa, mvua ikiwapo. Kiangazi kikishaingia, hakuna atakayesikiliza.