Kutoka Shahe hadi chuo kikuu: kalenda ndiyo mtihani wa kwanza

Kabla ya mapambazuko, soko la jumla la nguo la Shahe, mjini Guangzhou, kusini mwa China, huwa limekwisha changamka. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofika huko wanaujua mwendo wake: bei inakubaliwa, fedha zinalipwa, mzigo unafungwa.

Ni rahisi kudhani kuwa nafasi ya masomo nayo hupatikana vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Jinan na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kusini mwa China, vyote vya umma, vimo katika wilaya hiyo hiyo ya Tianhe. Lakini maombi yenye nguvu hayaandaliwi katika safari ya wiki moja.

Kikwazo cha kwanza ni kalenda. Masomo huanza Septemba, na maombi ya ufadhili wa serikali ya China aghalabu hufungwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Mwanafunzi wa Kenya, ambaye matokeo yake ya KCSE kwa kawaida hutangazwa Januari, ana wiki chache tu. Mwenzake wa Tanzania hufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei na kupata matokeo Julai, wakati milango mingi imekwisha fungwa. Hapo ndipo wakala anayeahidi nafasi ya haraka anapopata wateja, na mzazi anapopoteza akiba yake.

Je, kuna njia nyingine? Ipo: kuukubali mwaka wa kusubiri na kuutumia. Shahada nyingi za kwanza nchini China hufundishwa kwa Kichina, na vyuo kwa kawaida hudai cheti cha HSK cha ngazi ya 4 au zaidi. Lugha hiyo hufundishwa nyumbani: Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa mwaka 2005, na ya Dar es Salaam mwaka 2013. Asiyejua Kichina hubakiwa na kozi chache zinazofundishwa kwa Kiingereza.

Aidha, kuanzia udahili wa 2026, waombaji wa ufadhili huo kwa shahada ya kwanza wanatakiwa kufanya mtihani wa CSCA, ambao hisabati ni ya lazima. Alama nzuri za hisabati, barua za walimu wanaomfahamu mwombaji, na maelezo ya wazi ya kwa nini amechagua fani hiyo, haviwezi kununuliwa sokoni.

Lipo pia suala la kurudi. Kwa Watanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua shahada za nje. Ni busara kuiuliza kabla ya kulipa ada. Visa ya biashara, kadhalika, si visa ya masomo.

Mzigo wa nguo ukichelewa, hasara yake huhesabika. Kijana aliyepelekwa kwa pupa katika fani asiyoimudu, hasara yake humfuata kwa miaka.