Afya Yetu: Usipoziba Ufa wa Jino, Taya Litalia



Kabla hujaendelea kusoma, weka gazeti chini kidogo. Weka kidole kimoja mbele ya kila sikio. Sasa fungua kinywa polepole, kisha ukifunge. Unasikia nini chini ya vidole vyako? Kuna kitu kinacheza. Kinakwenda mbele, halafu kinarudi nyuma.

Hicho ni kiungo cha taya. Unavyo viwili, kimoja kila upande. Kila unapokula, unaposema, unapopiga miayo na unapomeza mate, viungo hivyo hufanya kazi. Watu wengi hawavijui mpaka siku vinapowauma.

Mwezi huu tutazungumza juu ya viungo vya taya. Tutaona pia jinsi meno mabovu yanavyoweza kuviletea shida.

KIUNGO CHA TAYA KIKOJE?

Taya la juu halichezi. Limeshikamana na fuvu la kichwa. Taya la chini ndilo linalocheza. Fikiria mlango wa nyumba na bawaba zake. Taya la chini ni mlango, na viungo viwili ni bawaba.

Lakini bawaba hizi zina kazi zaidi. Mlango hufunguka na kufungika tu. Taya hufunguka, huteleza mbele, na huenda kushoto na kulia. Ndiyo maana unaweza kusaga mahindi ya kuchoma mpaka yakawa laini.

Ndani ya kiungo, kati ya mfupa na mfupa, kuna kipande cha gegedu. Gegedu umeliona kwenye ncha za mifupa ya ng'ombe au ya mbuzi. Si gumu kama mfupa, wala si laini kama nyama. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisuguane.

Sasa bana meno yako na ushike mashavu. Misuli imekuwa migumu, sivyo? Hiyo ndiyo misuli ya kutafunia. Ina nguvu sana. Meno, misuli na viungo vya taya hufanya kazi pamoja.

MENO NI KAMA MAFIGA

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Kumi na sita yako juu, na kumi na sita yako chini. Meno ya mbele hukata chakula. Magego ya nyuma husaga.

Meno yana kazi nyingine ambayo wengi hatuifikirii. Unapofunga kinywa, meno ya chini hukutana na meno ya juu. Hapo taya hupata mahali pa kutua. Ni kama chungu juu ya mafiga matatu. Mafiga yakikaa sawa, chungu hutulia. Ondoa figa moja, chungu kinainama.

Gego likitoka na pengo likaachwa wazi, mambo haya huweza kutokea:

Kwanza, meno ya jirani huanza kuinama kuelekea pengo. Ni kama nguzo za uzio zinapokosa mwenzao wa kuegemea.

Pili, jino lililokuwa likikutana na gego hilo hukosa mwenzake. Kama ni la juu, hushuka polepole. Kama ni la chini, hupanda.

Tatu, mfupa wa taya penye pengo hupungua.

Nne, mtu huanza kutafunia upande mmoja tu. Misuli ya upande huo huchoka. Taya halitui tena mahali pake pa zamani, na kiungo hubeba mzigo ambao hakikuzoea.

Haya hayatokei kwa siku moja. Huchukua miezi na miaka. Ndiyo maana mtu anapoanza kuumwa taya, hakumbuki tena gego aliloling'oa zamani.

CHUKUA MFANO HUU

Tuseme mkulima mmoja wa Ngara ana gego lililotoboka upande wa kushoto. Ni wakati wa kuchuma kahawa. Anasema, "Nitakwenda hospitali baada ya mavuno." Wakati huo anatafunia kulia. Tundu linazidi kuwa kubwa. Usiku mmoja jino linamtesa mpaka asubuhi. Anakwenda hospitali na jino linang'olewa. Maumivu yanaisha, naye anarudi nyumbani na furaha.

Mwaka wa pili gego jingine la kushoto linatoboka. Nalo linang'olewa. Sasa upande wa kushoto hauna kazi tena. Maharage, muhogo, nyama na miwa vyote vinakwenda kulia. Magego ya kulia nayo yanachoka na kutoboka. Siku moja anapiga miayo na kusikia "ka!" karibu na sikio. Anadhani ni sikio. Anatia dawa ya sikio, lakini haimsaidii.

Mkulima huyu alitunza vizuri mibuni yake. Meno yake aliyaacha mpaka mwisho.

SI KILA MAUMIVU YA TAYA YANATOKANA NA MENO

Tuseme ukweli. Si kila mwenye pengo ataumwa taya. Wapo watu wenye mapengo ambao hawaumwi kabisa. Tena taya huweza kuuma kwa sababu nyingine. Wengine husaga meno wakiwa usingizini. Wengine hubana meno mchana kutwa kwa sababu ya mawazo mengi. Wengine waligongwa taya walipoanguka na baiskeli au pikipiki. Wengine wana ugonjwa wa viungo.

Lakini mtu akikosa magego mengi, kutafuna kunakuwa kazi ngumu. Huacha vyakula vigumu hata kama vina faida mwilini.

DALILI ZA KUANGALIA

Angalia dalili hizi:
- Maumivu mbele ya sikio unapotafuna au unapopiga miayo.
- Taya kulia na kuuma pamoja.
- Taya kukwama unapofungua au unapofunga kinywa.
- Kinywa kutofunguka vizuri. Jipime kwa vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine. Watu wazima wengi wanaweza kuviingiza kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini.

Kama taya linalia tu bila kuuma wala kukwama, usiogope. Mara nyingi halihitaji dawa.

Taya likiuma kidogo, lipumzishe. Kwa siku kadhaa kula vyakula laini, kama uji, ndizi zilizoiva vizuri jikoni na maharage yaliyopondwa. Acha miwa na mahindi ya kuchoma. Weka kitambaa kilicholowekwa katika maji ya vuguvugu, dakika 10 hadi 15. Ukipiga miayo, shikilia kidevu kwa mkono. Na wakati huli, midomo ifungwe lakini meno yaachane. Mara nyingi maumivu hupungua yenyewe baada ya siku au wiki chache. Yasipopungua, nenda kituo cha afya.

HAPA USINGOJE

Mambo manne yanataka hospitali siku hiyo hiyo, au mapema kabisa.

1. Kinywa kimefunguka na kimekataa kufungika. Taya limetoka mahali pake. Usimruhusu mtu alipige au alivute kwa nguvu. Mtaalamu anajua namna ya kulirudisha kwa mikono.

2. Shavu au chini ya taya kumevimba, mgonjwa ana homa, na anameza au anapumua kwa shida. Usaha wa jino bovu unaenea. Unaweza kuua.

3. Taya limekaza, kinywa hakifunguki, na mtu alipata jeraha siku za nyuma, hata dogo. Huenda ni pepopunda.

4. Taya la mtoto limevimba na meno yake yanalegea. Usidhani ni jino tu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe huu wa watoto. Ni aina ya saratani. Huonekana zaidi katika sehemu za Afrika zenye malaria nyingi, na kanda yetu ya Ziwa imo. Hukua haraka sana, lakini watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahishwa. Wagonjwa wa saratani wa kanda hii hutibiwa Hospitali ya Bugando, Mwanza.

ZIBA UFA MAPEMA

Wazee walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Jino lililotoboka ni ukuta wenye ufa. Tundu likiwa dogo, linaweza kuzibwa. Likifika ndani kwenye mshipa wa jino, kuliokoa ni kazi kubwa na ya gharama. Mara nyingi hapo hung'olewa.

Tunajua kwa nini watu hungoja. Kutoka kijijini mpaka hospitali ni mbali, na nauli ni fedha. Ukifika na jino linalouma, unataka maumivu yaishe leo. Kung'oa kunayamaliza leo. Na kweli, yapo meno ambayo hayana dawa nyingine ila kung'olewa. Lakini jino la mtu mzima likitoka, halioti tena.

Wengine hufikiri kuwa kuziba jino ni mambo ya mjini, kwa sababu kunahitaji umeme na mashine ya kutobolea. Si lazima. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza kutumika njia nyingine. Daktari wa meno kutoka Uholanzi, Jo Frencken, alikuwa akifanya kazi katika shule ya madaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake walitaka njia ya kuwasaidia watu wa vijijini wasio na umeme.

Njia yenyewe ni hii. Mganga wa meno hukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vidogo vya mkono. Hatumii mashine. Mara nyingi hachomi hata sindano ya ganzi. Kisha hujaza tundu kwa saruji maalumu ya meno. Saruji hiyo hushika jino vizuri, na hutoa madini ya floridi yanayosaidia jino lisioze.

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitangaza njia hiyo kwa nchi nyingine. Mwaka 2021 shirika hilo liliweka saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Njia iliyoanzia kwetu sasa inatumika katika nchi nyingi za dunia.

Basi ukienda hospitali, iwe Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, uliza swali hili: "Je, jino hili linaweza kuzibwa?" Uliza kabla ya kukubali ling'olewe. Kama hapo hawazibi, uliza ni wapi wanakoziba. Usione haya. Jino ni lako na taya ni lako.

Kama tayari una mapengo, uliza juu ya meno ya bandia. Na yale yaliyobaki yatunze zaidi.

JINSI YA KUTUNZA MENO

Piga mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Ule wa usiku usiukose. Mswaki wa mti unafaa ukiutumia vizuri, nyuma na mbele, ndani na nje. Ukiweza, tumia dawa ya meno yenye floridi. Soma jina hilo kwenye boksi. Ndiyo faida ya kujua kusoma! Ukimaliza, tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi.

Punguza vitu vitamu. Siku hizi soda, pipi na biskuti zinauzwa kila mahali, toka Rusumo na Kabanga mpaka Lusahunga na Nyakanazi. Tatizo si kiasi tu. Ni kuvila mara kwa mara mchana kutwa, meno yasipate kupumzika. Mtoto akililia kitu, mpe ndizi mbivu au karanga kama ameshakua. Kiu yake imalizwe kwa maji safi.

Jambo la mwisho, nalo ni kubwa. Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego jipya huota nyuma ya meno yote ya utoto. Halisukumi jino lolote, kwa hiyo wazazi wengi hawalioni. Likitoboka husema, "Ni jino la utoto, litatoka lenyewe." Sivyo. Hilo ni gego la maisha. Leo jioni mwite mtoto wako karibu na taa, umwangalie kinywani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Viungo vya taya viko wapi? Onyesha kwa kidole.
2. Taja mambo mawili yanayoweza kutokea gego likitoka na pengo likaachwa.
3. Ni dalili gani nne zinazotaka mgonjwa awahishwe hospitali?
4. Katika kijijini chenu, watu huenda kwa mganga wa meno lini? Kwa nini huchelewa?
5. Utamwuliza mganga wa meno swali gani kabla jino halijang'olewa?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya watoto wachanga na yale yanayoitwa "meno ya nailoni". Tutaeleza kwa nini ni hatari kuyang'oa. Mpaka hapo, ndugu msomaji, tunza meno yako nayo yatakutunza.