Mpeni Mtihani

BARAZA LA BI ZUHURA

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni huko Kayole, ninasukwa. Jirani yangu alikuwa mama kijana aliyepakata mtoto wa miezi kama tisa, mwili unamchemka. Akatoa mkobani chupa ya dawa, ile ya unga unaochanganya mwenyewe na maji nyumbani, akaanza kuimimina kwenye kijiko cha chai. Vidole vya msusi wangu vikasimama kichwani.

“Mama, iyi dawa mulitia mayi mingi,” akasema, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Akaniomba radhi, akanawa mafuta mikononi, akaichukua chupa na kuiinua penye mwanga wa dirisha. Kwenye karatasi ya chupa kuna alama ya mstari. Maji yalikuwa yameupita mstari ule kwa upana wa kidole. Akamweleza mama yule taratibu: maji yachemshwe yapoe, utie kidogo, utikise mpaka unga usibaki chini, ndipo ujaze hadi kwenye mstari na uishie hapo. Yakizidi, kila kijiko kinakuwa na dawa pungufu. Na kijiko cha jikoni akiache, maana vijiko vya jikoni havilingani. Akauliza mtoto amenyonya mara ngapi tangu asubuhi, akambana ngozi ya tumbo kidogo, akaiachia na kuitazama inavyorudi. Kisha akamwambia mama aende kutafuta chupa nyingine, hii imeharibika.

Ndipo mteja mmoja aliyekuwa chini ya draya akatoa sauti: “Wewe suka nywele. Manesi tunao, na watoto wetu wenyewe hawana kazi.”

Saluni ikanyamaza. Msusi akarudi kichwani kwangu na kuendelea na mstari alipouachia. Hasira zangu hazijaisha hadi leo ninapoandika.

Yule mwanamke ni muuguzi wa daraja la A1. Kwao Kongo hiyo ni miaka mitatu ya chuo baada ya kumaliza sekondari, nayo si mbali na diploma yetu ya uuguzi. Amezalisha akina mama kwa miaka tisa. Vyeti anavyo, vimo ndani ya mfuko wa plastiki kwenye pochi yake, nimevishika kwa mkono wangu. Alivipeleka kwenye ofisi moja hapa Nairobi. Karani hakuwa amewahi kusikia cheti kinachoitwa A1. Akaambiwa avitafsiri kutoka Kifaransa, akalipa, vikatafsiriwa. Akaambiwa chuo chenyewe kilete barua moja kwa moja, yenye mhuri. Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, benki zikafunga milango, watu wakakimbia. Barua iandikwe na nani? Akaambiwa arudi baadaye. Amerudi mara nne.

Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021 inasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya taaluma yake, ilimradi sifa zake zitambuliwe na mamlaka husika hapa Kenya. Kongo nayo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, tumepiga picha na bendera zote. Haki yote ya mwanamke huyu imening'inia kwenye neno hilo moja, kutambuliwa, na neno lenyewe limekaa mezani kwa karani asiyejua A1.

Binti wa dada yangu ni muuguzi Uingereza. Kule hakuna aliyemkabidhi wodi siku ya kwanza. Alifanya mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo, mbele ya wasahihishaji waliomtazama anavyonawa mikono. Lakini alijua tarehe, alijua ada, na akajua matokeo. Na mnakumbuka mwaka 2021, Mutahi Kagwe akiwa waziri wa afya, alipotangaza kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza wa kwenda huko, waliofaulu walikuwa 10. Tuliona uchungu. Tulisema hawa wamesoma kwa Kiingereza tangu wakiwa wadogo, wanaonewa. Kumbe tunajua vizuri sana maana ya elimu ya mtu kutiliwa shaka ugenini, ilimradi mgeni mwenyewe awe wetu.

Sasa nirudi kwa mama wa draya, kwa sababu uchungu wake ni wa kweli hata kama ameuelekeza kwa mtu asiyehusika. Watoto wetu wamesoma na hawana kazi, wengine ninawajua kwa majina. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walilazimika kukesha nje ya Afya House, makao makuu ya wizara ya afya, mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu. Mkongo hakuushika mkataba wa yeyote kati yao. Bajeti haisomwi saluni. Wodi zina vitanda vinavyolaliwa na akina mama wawili wawili na muuguzi mmoja usiku kucha, nawe unaniambia nafasi zimekwisha kwa sababu ya msusi wa Kayole?

Sisemi apewe sindano kesho. Maisha ya watu si ya kujaribia. Nasema apangiwe mtihani, kwa Kiswahili au Kiingereza, wodini, mbele ya wauguzi wetu wakali kabisa. Akianguka, asuke nywele akijua ameanguka. Akifaulu, avae sare.

Nililipa shilingi 1,200. Nusu ilikwenda kwa mwenye kiti. Wenye kusajili wauguzi, mkimtaka yupo kila siku isipokuwa Jumapili, kiti cha pili kutoka mlangoni. Njooni na tarehe.