Rufaa Huanza Usiku Ule Ule

Mamake alinipigia simu siku ya kumi na tisa baada ya hukumu. Nakumbuka hesabu hiyo manake nilimuuliza mara mbili. Alikuwa amechangisha kwa jamaa, ameuza na cherehani yake, na sasa alitaka nimtafutie wakili wa "kumtoa kijana". Nikamuuliza: mama, kuna mtu alikwambia habari ya siku 14? Kimya. Hakuna aliyemwambia. Na kijana mwenyewe, alipoulizwa kizimbani kama ameelewa haki yake ya kukata rufaa, alijibu ndio. Sote hujibu ndio tukiwa tumechanganyikiwa.

Kesi yenyewe ni ya aina unayoijua. Usiku wa manane mlango unavunjwa kwa jiwe kubwa, watu wanaingia na mapanga na tochi, wanataka pesa na simu, mwenye nyumba anakatwa mkono mbele ya watoto wake. Asubuhi mtaa mzima una hasira, na ni haki yao. Huyo mzee aliyekatwa namjua, nimekula kwake. Kwa hivyo usinisome hapa ukadhani natetea wezi. Mzee anataka aliyemkata afungwe. Hakuomba afungwe kijana yeyote wa mtaa ule ili faili lifungwe.

Kama hujui uzito wa shtaka hili, kaa nikueleze. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinahusu wizi wa mabavu. Si lazima mtu auawe, wala si lazima kiibiwe kitu kikubwa. Ukiiba kwa nguvu au vitisho huku una silaha hatari, imetosha. Ukiwa na mwenzako hata mmoja, imetosha. Ukimpiga au kumjeruhi mwenye mali, imetosha. Moja tu kati ya hayo, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Simu ya elfu tatu, kifo.

Najua utasema hakuna anayenyongwa. Kweli, Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Lakini hukumu ya kifo bado inasomwa, na anayesomewa huishi nayo gerezani miaka mpaka rais apende kuibadilisha iwe kifungo cha maisha, kama ilivyofanyika 2009 na 2016. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema katika kesi ya Muruatetu kwamba ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila kumsikiliza mfungwa kuhusu adhabu. Watu walisherehekea magerezani. Mahakimu na majaji wengi wakaanza kuwapa wafungwa wa wizi wa mabavu miaka badala ya kifo. Kisha tarehe 6 Julai 2021 mahakama ile ile ikafafanua: uamuzi ule ni wa kesi za mauaji peke yake. Wa wizi wa mabavu waanzishe kesi yao, ipande ngazi mpaka juu. Ndiyo maana unaweza kukuta aliyeua akapewa miaka, na aliyeiba kwa panga bila kuua akasomewa kifo. Wabunge wetu wanaweza kulirekebisha hilo kwa kubadilisha kifungu kimoja. Waulize wakija kuomba kura.

Liko jingine linaloniuma zaidi. Kesi ya mauaji husikizwa Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili wa kulipwa na serikali. Wizi wa mabavu husikizwa na hakimu, na huko kijana wa kazi za mkono mara nyingi husimama peke yake. Adhabu ni ile ile ya kifo. Katiba, ibara ya 50(2)(h), inasema apewe wakili na serikali pale ambapo bila wakili atadhulumiwa sana. Mwaka 2011, katika kesi ya David Macharia Njoroge, Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba anayekabiliwa na adhabu ya kifo yumo katika haki hiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ikapitishwa 2016. Haya yote yako kwenye karatasi. Kizimbani, kijana anaulizwa "una maswali kwa shahidi?" na anajibu "sina".

Hayo "sina" ndiyo yanayorudi kwenye rufaa.

Wengi wetu tunadhani rufaa ni kwenda kuomba huruma, au ni ujanja wa mawakili. Sivyo. Rufaa ya kwanza, kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, ni ukaguzi. Tangu kesi ya Okeno ya 1972, jaji analazimika kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe, huku akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi kwa macho. Ukishindwa hapo na ukaenda Mahakama ya Rufaa, majaji wale husikiliza hoja za sheria tu. Kwa hivyo Mahakama Kuu ndiyo kwa kawaida nafasi ya mwisho ya mtu kuuliza: kwani taa ilikuwa inawaka kweli?

Usidhani ni swali dogo. Kesi nyingi za kuvamiwa nyumbani usiku husimama au huanguka hapo. Shahidi ni mmoja au wawili, ameamshwa usingizini, ana hofu, anamulikwa tochi usoni. Mahakama za kwetu zina maonyo ya zamani kuhusu hali hiyo. Kesi ya 1953 ya Abdalla bin Wendo na Sheh bin Mwambere bado inatajwa mahakamani mpaka leo: ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mwingine katika hali ngumu upimwe kwa uangalifu mkubwa kabla ya kumfunga mtu. Katika Maitanyi, 1986, Mahakama ya Rufaa ikataka hakimu aulize mwanga ulikuwa wa aina gani, una nguvu kiasi gani, na ulikuwa wapi ukilinganisha na mshukiwa. Tochi inamwangaza anayemulikwa, si aliyeishika.

Swali la pili la Maitanyi ndilo nataka ulishike. Je, aliyevamiwa aliwaambia waliokuja kumsaidia, au polisi, kwamba amemtambua mtu au kwamba mtu huyo yuko hivi na hivi? Usiku ule ule, kabla ya maneno ya mtaani kuingia. Kama mzee alisema saa tisa usiku "mmoja ni kijana wa fulani" na ikaandikwa kwenye OB, huo ni ushahidi mzito, na rufaa itakuwa ngumu. Mahakama imeshasema, katika Anjononi ya 1980, kwamba kumtambua mtu unayemjua kunaaminika kuliko kumtambua mgeni, ingawa hata jamaa wa karibu watu huwakosea. Lakini kama jina lilitokea siku tatu baadaye, baada ya watu kukaa barazani na kukubaliana ni nani, jaji atauliza limetoka wapi.

Na hapa ndipo unapoingia wewe mwenye simu.

Baada ya tukio kama lile, kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa hutumwa picha. "Huyu ndiye." "Sambaza." Umesambaza, na mimi zamani nilisambaza, sitajifanya malaika. Fikiria kinachofuata. Mzee anaonyeshwa picha hiyo na mjukuu wake akiwa hospitali. Wiki moja baadaye polisi wanapanga gwaride la utambulisho. Gwaride lina masharti yake: mshukiwa asimame na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na sura kwa jumla, achague mwenyewe pa kusimama, na aruhusiwe kuhama akitaka kila shahidi anapotoka, awe na wakili au rafiki yake akitaka, na shahidi asiwe amemwona kabla. Mzee ameshaiona picha mara kumi. Atanyoosha kidole kwa nani? Kwa yule wa kwenye simu. Hatakuwa anasema uongo. Atakuwa anaamini kabisa.

Sasa kama kijana hakuwepo usiku ule, umemsaidia kufungwa. Na kama alikuwepo, umempa hoja ya rufaa, kwa sababu wakili mzuri akionyesha picha ilisambaa kabla ya gwaride, utambulisho ule unabaki hauna nguvu, na kama hakuna ushahidi mwingine, anatoka. Mzee anabaki na kovu lake na hakuna aliyefungwa. Kwa kubonyeza mara moja umewaumiza wote wawili. Ukiwa na picha au video, ipeleke kwa mpelelezi wa kesi, na ubaki na nakala yako usiyoigusa.

Wengine hutoka kwa makosa ya utaratibu, na mtaani watu hukasirika: "ametolewa kwa kitu kidogo". Mfano mahakimu kuhamishwa. Hakimu wa kwanza anasikiliza mashahidi wanne, anahamishiwa mji mwingine, wa pili anaendelea. Kifungu cha 200 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamtaka wa pili amwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka mashahidi waitwe tena. Asipomwambia, hukumu inaweza kubatilishwa. Si kitu kidogo, kwa sababu anayeandika hukumu hakumwona yule shahidi akisitasita. Na hata hapo mtu si lazima aende nyumbani. Jaji anaweza kuamuru kesi isikizwe upya, ila tu isiwe njia ya kuwapa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao.

Na nisikudanganye, rufaa ina hatari. Aliyepewa miaka 20 kwa wizi wa mabavu anaweza kuambiwa na jaji kwamba adhabu iliyo kwenye sheria ni kifo, na kwamba akiendelea inaweza kuongezwa. Desturi ni kumwonya kwanza ili aamue. Asiye na wakili huwa haelewi onyo lile ni la nini. Kwa upande mwingine, jaji akiona wizi wa nguvu umethibitika lakini silaha, wenzake na kipigo havikuthibitika, anaweza kushusha shtaka liwe wizi wa kawaida wa kutumia nguvu, ambao mwisho wake ni miaka 14.

Kwa hivyo siku ya hukumu, kabla ya kulia, mwenzenu mmoja aandike tarehe. Zihesabiwe siku 14. Mfungwa anaweza kukabidhi ombi la rufaa kwa afisa mkuu wa gereza, naye analipeleka mahakamani. Si lazima wakili awe amepatikana. Siku hiyo hiyo ombeni nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, kwa maandishi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Hoja nyingine zitaongezwa nakala ikishatoka. Na mkishachelewa, msikate tamaa: kifungu cha 349 kinamruhusu jaji kuipokea rufaa kukiwa na sababu nzuri, na kinamlazimu kuipokea kama mlichelewa kwa kukosa nakala hizo.

Mlango huo ndio tuliopitia na mama. Tulikaa chini tukaandika ombi la kuongezewa muda, likakubaliwa. Pesa za cherehani hazikutosha wakili. Aliyekubali kuichukua kesi anaifanya bila malipo. Sasa tunangoja mwenendo wa kesi uchapwe, kurasa nyingi za mwandiko wa hakimu wawili, na ni mwezi wa saba huu. Sijui kijana alikuwepo usiku ule au la. Nimeacha kumuuliza mamake. Ninachotaka kuona kwenye kurasa zile ni mzee alisema nini kwanza, na alimwambia nani.

Mzee mwenyewe hukutana nami njiani akienda dukani, mkono umepona vibaya, vidole viwili havikunji. Kila mara huniuliza: "Mwanangu, ile kesi imefika wapi?"