TUSIMVUE GARETH HESHIMA YAKE

Nashika kalamu nikiwa na donge rohoni, na donge lenyewe limeletwa na neno moja tu.

Muhula uliopita chama chetu kiliamua kuigiza kisa cha Gareth, mmoja wa mashujaa wa Mfalme Arthur. Kisa hicho kimo katika kitabu cha Kiingereza kiitwacho Le Morte Darthur, alichokitunga Sir Thomas Malory akiwa mfungwa na kukimaliza mwaka wa 1469 au 1470. William Caxton alikipiga chapa mwaka wa 1485. Nakala yake ya mkono ilikuja kuonekana mwaka wa 1934, na haikuonekana ikulu bali shuleni, katika Winchester College. Tusiyadharau makabati ya maktaba yetu!

Mimi na mwenzangu wa dawatini tulipewa kazi ya kutafsiri. Tukakwama mapema. Kila shujaa akitoka na farasi wake, anakwenda kutafuta "worship". Mimi nilidhani wanakwenda ibadani. Kamusi nayo ikasema "abudu". Sasa mbona mtu aende kuabudu na mkuki? Mwalimu mlezi akatufumbua macho: neno hilo lilitokana na neno la thamani, na zamani lilikuwa na maana ya ubora wa mtu unaotambuliwa na wenzake. Wazazi wetu wanakumbuka meya akiitwa "His Worship", hadi mabaraza ya miji yalipoondolewa mwaka wa 2013. Hakuna aliyempigia magoti.

Mwenzangu akapendekeza tutumie "sifa" hapa, "fahari" pale, na "utukufu" kule, ati tusiwachoshe watazamaji. Mimi nasema la hasha! Liwe "heshima" mwanzo hadi mwisho. Malory mwenyewe hachoki kulirudia neno lake, na kwa kulirudia ndipo msomaji huona linavyogeuka mikononi mwa watu.

Tazameni kisa cha Lancelot na Kay. Asubuhi moja Lancelot anaondoka amevaa deraya ya Kay na kubeba ngao yake. Njiani mashujaa wanamvamia wakidhani ni Kay, nao wanapigwa kama ngoma. Kay naye, ndani ya deraya ya Lancelot, anafika nyumbani salama salimini, kwani hakuna anayethubutu kumgusa. Nilicheka peke yangu. Kumbe iko heshima inayokaa kwenye nguo!

Gareth hana hata hiyo nguo. Anafika kwa Arthur sikukuu ya Pentekoste, hataji jina lake, anaomba chakula cha mwaka mmoja. Kay anamtupa jikoni na kumpachika jina la Beaumains, yaani Mikono Mizuri. Mwaka ukiisha anakuja Lynet kutafuta shujaa wa kumwokoa dada yake, na Gareth anaomba kazi hiyo. Bibi wee! Lynet anamtukana njia nzima, eti ananuka jikoni. Gareth akimwangusha adui, Lynet anasema ni bahati tu. Gareth hamrudishii tusi hata moja. Anamwambia kwa upole kwamba ataendelea na safari, na anaendelea, mpaka mwishowe Lynet mwenyewe anaona haya na kumwomba radhi.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, kulikuwa na kaka mmoja wa madarasa ya juu aliyetaka tusimame kila anapopita. Ukikawia, chakula chako cha mchana kimekwenda. Alikuwa akisema, "Heshima bwana, heshima!" Tulisimama, lakini kusema kweli ile ilikuwa deraya ya Kay tu. Wahenga walisema heshima si utumwa. Sisi tulikuwa watumwa wenye njaa.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinaposhinda. Tukisema "mzee yule ana heshima zake", twasema watu wanamtambua. Tukisema "mtoto yule ana heshima", twasema anajua kujishusha. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya staha na kuona haya. "Worship" ya Malory haina upande huo wa pili, wala "sifa" na "fahari" hazina. Lakini Gareth anazo pande zote mbili! Kule kunyamaza kwake mbele ya Lynet kuna haki ya kuitwa kwa neno lile lile analopewa baadaye akisifiwa. Tukiandika "sifa", nusu ya Gareth imebaki jikoni.

Na mwisho wa kitabu unanitetea zaidi. Malkia anapopelekwa kuchomwa moto, Gareth analazimika kuwapo, ila anakataa kuvaa silaha. Lancelot anakuja kumwokoa malkia, na katika msukosuko anamuua Gareth bila kumtambua, yeye aliyempa ushujaa kwa mkono wake. Gawain, kaka yake Gareth, anaapa kulipiza kisasi. Lancelot anajitolea kutembea miguu mitupu, amevaa shati tu, kutoka Sandwich hadi Carlisle, akijenga nyumba ya ibada kila maili kumi kwa ajili ya roho ya Gareth. Shujaa mkuu kuliko wote, bila viatu! Waliosikia wanalia, hata Arthur machozi yanamtoka. Gawain anakataa. Vita vinaendelea, na ufalme unakwisha. Akiwa karibu kufa ndipo Gawain anamwandikia Lancelot barua ya kukiri kosa lake na kumwomba aje azuru kaburi lake.

Lile shati la Lancelot tuliite nini? Sifa? Fahari?

Mwenzangu bado hajakubali. Nimemwachia juzuu ya pili aisome mpaka ile barua ya Gawain. Akirudi nayo Jumatatu, tutashika kalamu tena.