Tuuzibe Ufa Ulio Katika Kura Zetu



Kila mara sehemu fulani ya nchi inapotamka neno kujitenga, jibu la wakuu huwa moja: hao ni wasaliti, na nchi haigawanyiki. Na kila mara marais wa Afrika Mashariki wanapokutana, wananchi huahidiwa kwamba shirikisho la kisiasa liko njiani. Sisi tunaoandika kutoka Njiru, kando ya barabara ya Kangundo, twaona kwamba mambo haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni namna kura ya mwananchi inavyogeuzwa kuwa kiti. Nchi inayopoteza kura za watu wake haiwezi kuwashikilia walio ndani, wala kuwaalika kwa haki walio nje.

Wizi wa kura tumeupigia kelele tangu mlolongo wa 1988, na hatutanyamaza. Lakini leo twazungumzia kura iliyopigwa kwa haki, ikahesabiwa kwa haki, ikatangazwa kwa haki, kisha isizae kitu kwa sababu ya mfumo wenyewe. Asemaye kwamba hayo ni mambo ya wanasheria na akumbuke kwamba mwaka 1986 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilisimama kuupinga upigaji kura wa mlolongo. Viongozi wale wa dini walitambua kwamba njia ya kupiga kura ni jambo la dhamiri. Njia ya kuzihesabu nayo ni jambo la dhamiri vilevile.

Tuanze na jirani. Mwezi Julai 1963, miezi mitano kabla ya uhuru, Wazanzibari walipiga kura katika majimbo 31. Chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote. Lakini kura zake zilikuwa zimerundikana katika majimbo machache ambako kilishinda kwa wingi mkubwa, na hivyo kikaambulia viti 13. Vyama vya ZNP na ZPPP, vilivyoungana, vikapata viti 18 na kuunda serikali. Mfumo ulioletwa na Waingereza ulifanya kazi yake kama ulivyoundwa: mwenye kura nyingi jimboni huchukua kiti, na kura nyingine zote, pamoja na zile za ziada za mshindi, hazina kazi tena. Januari 12, 1964, serikali ile ilipinduliwa na damu nyingi ikamwagika. Aprili 26 mwaka huohuo Zanzibar ikaungana na Tanganyika pasipo wananchi wa upande wowote kuulizwa kwa kura.

Hatusemi kwamba hesabu ya viti peke yake ilileta mapinduzi. Palikuwa na suala la ardhi, palikuwa na ubaguzi, palikuwa na kumbukumbu ya utumwa. Lakini watu waliojiona wameshinda kisha wakatawaliwa na walioshindwa walikosa sababu ya kuliamini sanduku. Nao Muungano ulioanza bila kura ungali unaulizwa maswali visiwani hadi leo.

Turudi nyumbani. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura chini ya vyama vingi kwa mara ya kwanza tangu miaka ya sitini. Rais Moi alipata takriban kura 36 katika kila 100, akarudi Ikulu. KANU ikapata viti 100 kati ya 188. Karibu thuluthi mbili ya wapiga kura walitaka mtu mwingine. Ni kweli kwamba upinzani uligawanyika, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini mfumo ndio uliogeuza mgawanyiko wetu kuwa ushindi wa mwingine, tena katika maeneobunge yaliyochorwa bila usawa. Hadi mwaka 2012 jiji zima la Nairobi lilikuwa na viti vinane. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 katika Embakasi, na wasiofika 20,000 katika Lamu Mashariki. Kila eneo lilikuwa na mbunge mmoja.

Katiba ya 2010 iliondoa baadhi ya uovu huo. Rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zote. Nairobi ikapewa viti 17. Hata hivyo, uchaguzi wa Bunge ulibaki vilevile: mshindi huchukua vyote. Wengi huambiwa kwamba Katiba imetuletea uwakilishi sawia, yaani viti kugawanywa kwa kadiri ya kura, kupitia orodha za vyama. Someni Kifungu cha 90. Viti hivyo vya orodha hugawanywa kwa kadiri ya viti ambavyo chama kimekwisha kushinda, wala si kwa kadiri ya kura kilizopata. Aliyepunjwa mara ya kwanza hupunjwa mara ya pili, na jina likaitwa usawa.

Nao urais ungali kiti kimoja ambacho nusu ya nchi hukosa. Mwaka 2022 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.49, na aliyemfuata akiwa na 48.85. Watu karibu milioni saba walirudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 2017 ndipo tulipouona ufa kwa macho. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Agosti. Ule wa Oktoba ukasusiwa na wafuasi wa upinzani. Mara maneno ya kujitenga yakazagaa, na mwezi Novemba magavana wa Mombasa na Kilifi, Hassan Joho na Amason Kingi, wakatangaza kwamba wangetafuta njia ya Pwani kujitenga.

Hawakulianzisha wao neno hilo. Mwambao wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895, na uliingizwa Kenya kwa makubaliano ya serikali mnamo Oktoba 1963. Wenyeji hawakupigiwa kura ya maoni. Huko kaskazini, tume ya mwaka 1962 ilikuta kwamba Wasomali wengi walitaka kuungana na Somalia. Maoni yao yakawekwa kando, na vita vya Shifta vikafuata hadi 1967. Baraza la Jamhuri ya Mombasa lilipochukua wito wa Pwani si Kenya, serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Sisi hatuungi mkono kujitenga. Hapa Njiru mpangaji wa mlango huu ametoka Machakos na wa mlango ule Siaya, na mpaka mpya ungepita katikati ya ua wetu. Lakini twasema wazi kwamba malalamiko ya ardhi na ya kutosikilizwa hayafi kwa kupigwa marufuku.

Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 12, chatueleza jinsi ufalme wa Daudi ulivyogawanyika. Makabila kumi hayakuanza kwa kuondoka. Yalianza kwa kumwendea Rehoboamu na kuomba kongwa lipunguzwe. Mfalme akawaacha wazee waliomshauri asikilize, akafuata ushauri wa vijana wa rika lake, akajibu kwa ukali. Ndipo watu wakaulizana wana fungu gani katika nyumba ile. Swali hilo la fungu ndilo swali la kura.

Tutazame na Ulaya, kwa kuwa wakuu wetu wameifanya kuwa kielelezo cha shirikisho. Mataifa yaliyouana katika vita viwili vikuu yalianza kuungana kwa mkataba wa 1951 wa makaa ya mawe na chuma, na tangu 1979 wananchi wao huwachagua wenyewe wabunge wa Ulaya. Kwa uamuzi wa mwaka 2002, kila nchi mwanachama hulazimika kutumia uwakilishi sawia katika uchaguzi huo. Ujerumani ina wabunge 96 na Malta sita: mkubwa ana wengi, na mdogo hamezwi.

Linganisha na Uingereza, iliyoturithisha mfumo wetu. Mwaka 2015 chama cha SNP kinachotaka uhuru wa Scotland kilipata nusu ya kura za huko, kikachukua viti 56 kati ya 59. Katika uchaguzi huohuo chama cha UKIP kilipata kura karibu milioni nne katika nchi nzima, kikapewa kiti kimoja. Kwa kutazama viti, ungedhani Scotland yote imekwisha kuondoka, na kwamba wapinzani wa Umoja wa Ulaya hawapo. Mwaka uliofuata, kura ya maoni iliiamua Uingereza kutoka katika Umoja huo kwa asilimia 52 dhidi ya 48, ilhali asilimia 62 ya wapiga kura wa Scotland walitaka kubaki. Uingereza ikatoka Januari 31, 2020, na madai ya Scotland yakapata hoja mpya.

Tusidanganyane kwamba uwakilishi sawia ni dawa ya kila ugonjwa. Hispania huutumia, na bado Catalonia ilifanya kura yake ya uhuru Oktoba 2017, polisi wakawapiga virungu wapiga kura. Ubelgiji huutumia, na mwaka 2010 na 2011 ilikaa siku 541 bila kuunda serikali. Lakini Ubelgiji haikuvunjika wala haikumwaga damu. Wenye madai ya Waflemi walikuwa bungeni wakibishana. Na Scotland yenyewe, mwaka 2014, iliulizwa kwa makubaliano, ikajibu hapana kwa asilimia 55, na watu wakaenda kazini kesho yake. Mfumo wa haki hauondoi mabishano, bali huyapa mahali pa kukaa.

Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki je? Juni 5, 1963, hapa Nairobi, Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza kwamba wangeunda shirikisho mwaka uleule. Halikuundwa. Jumuiya ya 1967 ilivunjika 1977. Iliyofufuliwa kwa mkataba wa Novemba 30, 1999 sasa ina nchi nane, nayo Bunge lake lina wabunge tisa kutoka kila nchi, Kongo yenye watu zaidi ya milioni 90 sawa na Burundi. Nao huchaguliwa na mabunge ya nchi zao. Mama muuza mboga wa Njiru hajapata kumpigia kura hata mmoja wao. Shirikisho la namna hiyo lingekuwa muungano wa ikulu.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba orodha za vyama huuzwa kwa matajiri na kugawiwa jamaa za wakubwa. Wasemalo ni kweli, na uchungu wake tunaujua. Basi orodha na zipigiwe kura na wanachama, hadharani, na mwananchi aruhusiwe kuchagua jina ndani ya orodha. Wapo pia wanaohofia kwamba usawa wa idadi utawameza watu wachache. Kaunti ndogo ya Njiru, kwa sensa ya 2019, ina watu 626,482, zaidi ya mara nne ya kaunti nzima ya Lamu yenye 143,920. Twadai usawa wa kura katika Bunge la Taifa. Katika Seneti, Lamu na iendelee kuwa na seneti wake mmoja sawa na Nairobi yenye watu milioni 4.4. Bunge moja lihesabu watu, la pili lihesabu kaunti.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Kwanza, viti vya orodha vigawanywe kwa kura, na vitumiwe kusahihisha upungufu wa viti vya majimbo. Tume ya Katiba ya Profesa Yash Pal Ghai ilipendekeza hivyo mwaka 2002, viti 90 katika 300, lakini jambo hilo halikuingia katika Katiba ya 2010. Lingekuwamo, tusingefika Septemba 2020 ambapo Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutimiza kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia. Pili, mipaka ya maeneobunge ichorwe kwa sensa, pasipo kuwapendelea walio madarakani. Tatu, wabunge wa Afrika Mashariki wachaguliwe na wananchi, na shirikisho lisiundwe bila kura ya maoni katika kila nchi. Nne, Pwani na Kaskazini zikaribishwe mezani, na fedha za kaunti zifike kwa wakati.

Katika kitabu cha Matendo, sura ya 6, wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaita wachochezi. Walikusanya watu wote, wakachaguliwa saba wa kusimamia mgawo, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Kanisa halikugawanyika, likakua.

Ndugu, baada ya ibada na katika jumuiya ndogo ndogo, someni pamoja Vifungu vya 81, 89 na 90 vya Katiba. Hakikisheni majina yenu yamo katika sajili ya wapiga kura. Mwulizeni mbunge wenu ana msimamo gani juu ya kura zinazopotea, mkayaandike majibu yake. Na siku ya uchaguzi, msiondoke kituoni kabla Fomu 34A haijabandikwa ukutani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa taifa hujengwa upya kwa gharama ambayo watu wa Njiru hawana haja ya kusimuliwa.